Habari za Kuandikwa kwa Watoto katika Shule za Kanisa

Kila mwaka, mwezi wa Januari ukikaribia, ofisi ya chama chetu hupokea wazazi wengi kuliko wakati mwingine wowote. Hawaji kwa habari ya maziko, wala ya wagonjwa, wala ya nauli ya kumrudisha mtu kwao, ambazo ndizo kazi tulizozizoea na ambazo hesabu yake wanachama wataiona katika kurasa nyingine za taarifa hii. Huja wameshika bahasha yenye karatasi, na wengine wamemshika mtoto mkono, wakiuliza swali moja: katika shule ya msingi ya kanisa, ni nani aamuaye mtoto yupi aingie na yupi arudi nyumbani? Halmashauri iliona yafaa swali hili lijibiwe kwa maandishi, ili kila mwanachama alisome kwa nafasi yake. Nasi tulipolitazama tuliona halijibiki vema pasipo kurudi nyuma miaka mingi, kwa maana kila karatasi iliyomo katika bahasha ile ina asili yake. Cheti cha ubatizo, barua ya padre, risiti ya karo, cheti cha kuzaliwa: kila moja iliingia kwa wakati wake na kwa sababu yake, na nyingine zilikwisha kuondolewa na sheria hali mazoea yangali yakiziuliza.

Mwanzo wa mambo haya ni pwani. Dk. Johann Ludwig Krapf wa Church Missionary Society, ambayo tutaiita CMS, alifika Mombasa mwaka wa 1844. Na mwaka wa 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walijenga kituo chao Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya mji. Siku zile hapakuwa na mtu wa kugombania nafasi. Shule ndiyo iliyowatafuta watoto. Wamijikenda walikuwa na mashamba yao, mifugo yao na wazee wao wa kaya wa kuwafunza vijana, na hawakuona faida ya kumkalisha kijana mbele ya herufi hali mbuzi wahitaji mchungaji.

Watoto waliokuja kukaa darasani kwa wingi hawakuletwa na baba wala mama. Mwaka wa 1875 CMS ilianzisha kijiji cha Freretown, bara mkabala wa kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa na manowari za Waingereza katika majahazi ya watumwa. Miongoni mwao walikuwamo watoto wasiojua kwao ni wapi, waliotekwa wakiwa wadogo hata majina ya wazazi wao yakawapotea. Hao hawakuulizwa cheti wala karo wala dini ya mzazi. Walipewa chakula, nguo, jina na kibao cha kuandikia. Kengele ya kijiji kile yajulikana hata leo, na mahali pale paitwa Kengeleni. Abiria wengi hulitaja jina hilo kila siku wakishuka garini bila kufikiri lilikotoka. Twaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, ya kuwa shule ya kanisa katika nchi yetu ilianza kwa kuwapokea wale wasio na mtu wa kuwasemea. Baadaye ikawa vigumu kuingia pasipo mtu wa kukusemea.

Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, misheni zilienea bara upesi. Kanisa la Scotland lilikuwa limekwisha kuhamia Thogoto kutoka Kibwezi mwaka wa 1898. Mafrendi walikuja Kaimosi mwaka wa 1902, Africa Inland Mission wakakaa Kijabe mwaka wa 1903, CMS wakafungua Maseno mwaka wa 1906. Na mapadre wa Kikatoliki, wa Roho Mtakatifu, wa Consolata na wa Mill Hill, wakafanya makao yao Nairobi, Nyeri na Nyanza. Hapo mwanzoni walipenda sana kupata wana wa machifu, wakidhani kwamba akipatikana mwana wa mkubwa, wengine watafuata. Machifu wengine walikuwa werevu, wakawazuia wana wao wenyewe na kupeleka watoto wa maskini waliokaa katika miji yao. Hivyo ikawa kwamba wengi wa wale waliotangulia kujua kusoma hawakuwa wana wa wakubwa hata kidogo, bali mayatima, wachungaji na watoto waliokimbia njaa. Wakikuyu waliwaita athomi, yaani wasomaji, na jina hilo lilikuwa na maana mbili: mtu ajuaye kusoma, na mtu aliyeingia dini.

Maana hizo mbili hazikutengana, na hapa ndipo lilipo shina la habari yetu. Kwa misheni nyingi, hasa za Kiprotestanti, kwa kawaida mtu hakubatizwa mpaka aweze kusoma Injili mwenyewe. Kwa hiyo kusoma na kubatizwa kulikuwa safari moja, na shule ilikuwa ukumbi wa kanisa. Tazama shule ndogo za vijijini zilivyokuwa. Nyumba moja ya udongo na majani, iliyojengwa na watu wenyewe, ilikuwa kanisa siku ya Jumapili na shule tangu Jumatatu. Mtu mmoja alihubiri na kufundisha, naye aliitwa mwalimu katika kazi zote mbili. Aliyetaka mtoto wake asome alimwendea huyo huyo, naye aliijua kila nyumba: nani husali, nani hunywa, nani ameoa mke wa pili. Hakuhitaji karatasi yoyote, kwa kuwa daftari yake ilikuwa kichwani mwake.

Tusimwonee mwalimu yule. Kwa kawaida hakumfukuza mtu, maana Mzungu wa misheni alipokuja kukagua alitaka kuona vichwa vingi. Nafasi ilikuwa tele na watoto wachache. Neno la kuchagua lilikuja pale tu watoto walipozidi viti.

Viti vilianza kupungua baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Watu waliokuwa wapagazi katika vita ile, wale wa Kariakoo, walirudi wameona ya kuwa mwenye kujua kuandika hakubeba mzigo. Kipande kikaja, na kodi ikazidi, na kazi za ukarani, za reli, za posta na za ofisi za serikali zikataka watu waliosoma. Mwaka wa 1924 ujumbe wa Phelps-Stokes kutoka Marekani ulipita nchini ukitazama elimu ya Waafrika, na mwaka ule ule sheria ya elimu ikatungwa. Shule zikawa za kuandikishwa na kukaguliwa, na serikali ikawapa misheni fedha za msaada kwa shule zilizoonekana zafaa. Tangu hapo mlango wa shule ya misheni ulikuwa na mabwana wawili. Serikali ilitoa sehemu ya fedha, lakini mwenye kuandika majina ni misheni. Mzazi aliyelipa kodi aliweza kusema kwamba na yeye amechangia shule ile, wala asiwe na la kufanya mtoto wake akikataliwa.

Waislamu wa pwani waliliona jambo hilo mapema. Kwao kumpeleka mtoto shule ya misheni kulikuwa kumpeleka abadilishwe jina, na kwa kweli hofu yao haikuwa ya bure. Serikali ilifungua shule ya Waarabu Mombasa mwaka wa 1912, na katika miaka ya 1920 ikafungua shule ya Waa katika nchi ya Wadigo, lakini hizo zilikuwa chache mno. Watoto wengi wa Kiislamu walibaki na chuo cha Kurani peke yake, wakaja wakaambiwa wakubwa walipotafuta kazi kwamba hawakusoma. Walikuwa wamesoma; ila hakuna ofisi iliyowauliza walichokisoma.

Sasa twafika mwaka wa 1929, na hapo hatutapita upesi.

Mwaka huo, katika nchi ya Wakikuyu, misheni ya Kanisa la Scotland, Africa Inland Mission na wenzao waliamua kukomesha tohara ya wasichana miongoni mwa wafuasi wao. Walitaka kila mfuasi aweke ahadi ya kuiacha desturi ile, na katika misheni ya Scotland ahadi ile ilitaja pia kujitenga na chama cha Kikuyu Central Association. Asiyejua kuandika alitia kidole gumba. Alama ya kidole kwa Kikikuyu ni kirore, na jambo lote likachukua jina hilo. Waliotia kidole wakaitwa watu wa kirore, na waliokataa wakaitwa aregi. Ahadi haikutakiwa kwa walimu na wazee wa kanisa tu. Ilitakiwa pia kwa wazazi waliopenda watoto wao wakae katika shule za misheni.

Juu ya desturi yenyewe hatuna shaka, na twasema wazi ili mtu asitufahamu vibaya. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2011 iliikataza kabisa, na chama hiki hakina neno la kuitetea. Lakini swali letu ni la kuandikwa kwa watoto. Mvulana wa miaka minane, ambaye jambo lile halikumhusu kwa njia yoyote, alitolewa darasani kwa kuwa baba yake hakutia kidole. Msichana, ambaye ndiye aliyekuwa akilindwa kama ilivyosemwa, alitolewa vile vile. Akarudi nyumbani kwa wale wale waliotaka kumtahiri, wala hapakuwa tena na mwalimu wa kumuuliza habari zake. Shule ilikuwa na njia moja tu ya kumshika mzazi, nayo ni mtoto.

Mahudhurio yakaanguka ghafula. Watu waliimba wimbo wa Muthirigu wa kuwadhihaki wamisionari na machifu, mpaka serikali ikaupiga marufuku. Lakini wazazi hawakukaa na nyimbo tu. Walijenga. Katika miaka ya 1930 zilisimama shule za kujitegemea, nyingine chini ya Kikuyu Independent Schools Association na nyingine chini ya shirika la Karing'a, na mwaka wa 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri. Akina mama walibeba mawe na mchanga, na marika yakashindana kutoa michango. Mzee yeyote wa sehemu zile aliweza kuonyesha ni mti upi ulitolewa na nani. Watu waliokuwa wakiambiwa kwamba hawaithamini elimu walijitoza wenyewe kwa ajili yake.

Mwisho wake wajulikana. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na shule zile zikafungwa. Githunguri pia ikafungwa. Watoto wake hawakuwa na mahali pa kwenda ila kwenye shule za misheni na zile za halmashauri za elimu za wilaya, ambazo watu huziita D.E.B. mpaka leo.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1949, kamati iliyoongozwa na Arkidiakoni Leonard Beecher ilikuwa imetoa taarifa yake. Iligawa masomo ya Waafrika katika vipande vitatu vya miaka minne minne, na kila kipande kikawa na mtihani mlangoni. Watoto wengi wa miaka hiyo walimaliza darasa la nne wakaishia hapo. Taarifa ile iliziacha misheni katika usimamizi wa shule za msingi, jambo lililowachukiza wengi waliotaka shule ziwe za serikali au za halmashauri za Waafrika. Hayo yameandikwa sana na wengine, nasi hatuyarudii.

Lakini kuna kipimo kimoja ambacho vitabu vikubwa havikijali, na ambacho hakuna mzee wa nchi hii asiyekijua. Siku ya kuandikwa, mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Ukifika, umri umetimia. Usipofika, rudi mwakani. Sababu yake ni nyepesi. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na mikono mifupi. Kadiri akuavyo mkono hurefuka upesi kuliko kichwa, na katika umri wa miaka sita au saba vidole hufika sikioni. Waafrika wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, maana kuandikisha vizazi vyao kulienezwa nchini pole pole, hata mwanzo wa miaka ya 1970. Mama alijua kwamba mtoto alizaliwa wakati wa nzige, au mwaka wa njaa fulani, au mvua ilipovunja daraja. Mwalimu hakuweza kuandika nzige katika rejista.

Kipimo hicho kilikuwa na makosa yake. Aliyedumaa kwa kukosa chakula alirudishwa hata mara tatu, akaingia darasani ndevu zikikaribia. Mwenye mikono mirefu aliingia angali akililia kunyonya. Watoto werevu waligundua kwamba ukiinamisha shingo kidogo sikio husogea, na mwalimu mkali alisimama nyuma akakishika kichwa. Vijana wa leo hukicheka, nasi hatukubaliani nao. Katika vipimo vyote tulivyovitaja, hicho ndicho peke yake kilichomtazama mtoto mwenyewe. Hakikuuliza baba yake ni nani, anasali wapi, alitia kidole au hakutia, ana mbuzi wangapi wa kuuza. Mwana wa chifu na mwana wa mjane walipitisha mkono juu ya kichwa kwa namna moja.

Ingawa hivyo, baada ya sikio yalifuata mengine. Mwalimu aliuliza jina, na katika shule nyingi za kanisa alingoja jina la ubatizo; asiye nalo alipewa la kuazima mpaka atakapobatizwa. Kisha karo. Mtoto aliyefaulu kwa mkono wake alishindwa kwa mfuko wa babaye, na nyumba yenye watoto wawili na karo moja ilimpeleka mvulana. Twamtazama mwanamke wa umri wa bibi zetu asiyejua kusoma barua ya mwanawe, nasi twajua ya kuwa mkono wake ulifika sikioni.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, kamati ya Profesa Simeon Ominde iliteuliwa kutazama elimu yote. Taarifa yake, iliyotoka mwaka wa 1964 na 1965, ilisema kwamba shule za umma ni chombo cha taifa, na kwamba dini ya mtu haifai kuwa kizuizi. Tume ya kuajiri walimu ikaanza kazi mwaka wa 1967, na mwalimu aliyekuwa akiajiriwa na misheni akawa mtumishi wa umma. Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1968 ikamaliza jambo: usimamizi wa shule za msingi ukatoka kwa makanisa, nayo makanisa yakabaki na cheo kipya cha mdhamini. Mdhamini ana kiti katika halmashauri ya shule, na ana haki ya kutazama mafundisho ya dini.

Kwa karatasi, basi, kanisa liliondoka mlangoni mwaka wa 1968. Kwa mazoea halikuondoka mara moja. Jina la mtakatifu lilibaki juu ya lango, kiwanja kilibaki cha kanisa, na mara nyingi mwalimu mkuu alikuwa muumini wa pale pale. Mzazi wa dhehebu jingine aliyekuja kuandikisha mtoto alitazama msalaba juu ya paa akajisemea kwamba hapa si petu. Hakuna aliyemfukuza, alijirudisha mwenyewe.

Kilichosukuma mlango kwa nguvu ni kuondolewa kwa karo. Amri ya Desemba 1973 iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza, na wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kiasi cha milioni 1.8 mwaka wa 1973, wakafika kiasi cha milioni 2.7 mwaka wa 1974. Mahali pengi watoto walikaa chini ya miti. Halafu shule zikaanza kutoza fedha za majengo, nyingine zaidi ya karo iliyoondolewa, na wengi wa wale walioingia wakatoka tena. Mwaka wa 2003 karo iliondolewa katika shule zote za msingi za umma, na idadi ikapanda kutoka kiasi cha milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alivaa kaptula na soksi akaenda kuandikwa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Alipokelewa. Yeye hakuhitaji kupimwa sikio.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, ilimpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Baada yake ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, na kifungu chake cha 34 ndicho jibu la wazazi wanaotuuliza. Kifungu hicho chasema kwamba shule isimbague mtoto anayetaka kuandikwa kwa sababu ya kabila, jinsia, dini, rangi, asili, umri, ulemavu, lugha au utamaduni. Chasema pia kwamba shule ya umma isimpe mtoto mtihani wa kumwingiza. Mtihani waruhusiwa tu ikiwa watumika kujua darasa litakalomfaa. 

Kwa hiyo mzazi asimamaye mbele ya lango lenye jina la mtakatifu hana budi kuuliza kwanza kama shule hii ni ya umma iliyodhaminiwa na kanisa, au ni shule ya kanisa lenyewe, yaani ya binafsi. Jina halimwambii, wala sare, wala kengele. Tumeona wazazi wakilipa fedha ya fomu mahali pasipotakiwa fedha, kwa kudhani kwamba ni shule ya padre. Tumeona wengine wakigomba na mwalimu mkuu wa shule ya binafsi kwa kutaja haki ambayo pale haipo. Katika ile ya umma, mwalimu mkuu huandika kwa jina la serikali. Barua ya padre si sharti, na cheti cha ubatizo hakina kazi, ila kwa mtoto atakayefuata mafundisho ya kanisa lile. Kinachoweza kumzuia mtoto pale ni nafasi, na nafasi ikiisha yafaa mzazi aonyeshwe shule nyingine ya umma.

Katika ile ya binafsi mambo ni mengine. Halmashauri ya kanisa yenyewe hupanga. Kwa desturi hutangulizwa watoto wenye ndugu shuleni, na watoto wa washirika wanaojulikana na padre au mchungaji, kisha watoto wa nje wanaoweza karo. Mtoto huitwa pamoja na wazazi wake, huulizwa rangi, hesabu na herufi, na huku mwenye kuuliza akimtazama mzazi zaidi ya mtoto. Hatukatai kwamba kanisa lililojenga kwa sadaka za watu wake laweza kuwatazama watu wake kwanza. Hata sisi katika chama chetu husaidia wanachama kabla ya wengine. Lakini twaona jambo moja halipendezi. Barua ya padre, iliyokuwa alama ya imani, imegeuka mahali pengine kuwa kitu cha kutafutwa mwezi wa Novemba na watu wasioonekana kanisani tangu Pasaka. Mjane wa kijiji kile kile, asaliye kila Jumapili, huipata barua bila taabu, kisha hushindwa na karo.

Limebaki jambo la cheti cha kuzaliwa, na kwa chama chetu ndilo zito kuliko yote. Wizara ilipoanza mwaka wa 2017 kuwaandika wanafunzi wote kwa mashine, katika orodha iliyoitwa NEMIS, ilitaka nambari ya cheti cha kuzaliwa ili mwanafunzi apewe nambari yake. Walimu wakuu wengi waliwapokea watoto wasio na cheti, kwa kuwa sheria haiwaruhusu kuwafukuza. Lakini mtoto asiyekuwamo katika orodha hakuhesabiwa fedha zilipogawanywa, na shule ikamwona kuwa mzigo. Waliopatwa na hayo ni watoto waliozaliwa nyumbani, watoto waliolelewa na nyanya zao baada ya mama kufariki, na watoto ambao baba zao hawakuonekana tena. Ni wale wale wasio na mtu wa kuwasemea, ambao hapo kwanza ndio walioijaza shule ya Freretown.

Kwa sababu hiyo halmashauri imekubali kwamba nauli ya kwenda kwa msajili wa vizazi, pamoja na ada ya kuandikisha kizazi kilichochelewa, ihesabiwe miongoni mwa misaada ya chama, kama vile nauli ya msiba. Mwanachama anayehitaji msaada huu aje na kadi ya chanjo ya mtoto kama anayo, au barua ya chifu, na kitambulisho cha mzazi au cha mlezi. Asingoje Januari, kwa kuwa safu za watu katika ofisi za serikali mwezi huo huwa ndefu. Nakala za kifungu cha 34 zipo kwa karani, nazo hutolewa bila malipo.